Uzamili wa gerontolojia mtandaoni: hesabu saa kabla ya ada

Muuguzi au afisa ustawi wa jamii wa Dodoma anayetaka kusoma gerontolojia akiwa kazini huanza kwa kuulizia ada. Aanze na saa. Ada hulipika kwa awamu.

Gerontolojia si jeriatria. Jeriatria ni tawi la udaktari linalotibu wazee; gerontolojia huchunguza kuzeeka kwenyewe: mwili, akili, familia, kipato na sera. Anayeitafuta ili awe daktari bingwa atakuwa amekosea mlango.

Uingereza, shahada ya uzamili ina krediti 180, na kila krediti huhesabiwa saa 10 za kujifunza. Jumla ni saa 1,800. Ukisoma wiki 45 kwa mwaka, mpango wa miaka 2 unakudai saa 20 kila wiki. Wa miaka 3, kama saa 13. Kwa mwenye zamu za usiku, tunashauri ule wa miaka 3, hata kama wa miaka 2 unavutia zaidi.

Kisha uangalie saa ya ukutani. Darasa la London la saa 12 jioni huangukia saa 2 usiku Dodoma wakati wa kiangazi chao. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha saa nyuma, nalo linakuwa saa 3 usiku, hadi Jumapili ya mwisho ya Machi. Oktoba ukisahau utafika mapema tu. Machi ukisahau utachelewa saa nzima. Darasa la Los Angeles la muda huohuo ni saa 10 alfajiri yetu, au saa 11 alfajiri katika miezi yao ya baridi. Uliza kama vipindi hurekodiwa, na uliza pia kama maksi hutolewa kwa kuhudhuria papo hapo. Kama hutolewa hivyo, rekodi haitakuokoa.

Kabla ya kulipa, hakikisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwamba shahada ya chuo hicho, kwa njia ya mtandao, itatambuliwa. Unapotuma ada benki, chagua mtumaji kubeba makato yote. Vinginevyo benki za kati hukata chao njiani, chuo kinapokea pungufu, na usajili unakwama kwa dola chache.

Wengi hukwama kwenye tasnifu. Kibali cha maadili cha chuo cha nje hakitoshi kuhoji wazee wa Bahi au Chamwino kuhusu afya zao. Unahitaji pia kibali cha hapa nchini kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), kisha barua za mkoa na halmashauri, ndipo ufike kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Anza miezi kadhaa kabla. Takwimu zilizokusanywa kabla ya kibali hazihalalishwi baadaye. Fomu ya ridhaa iwe ya Kiswahili na pawepo wa kuieleza kwa Kigogo. Asiyeandika aweke dole gumba mbele ya shahidi asiye wa timu yako.

Umri nao una mtego. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na ukiuliza tu "una miaka mingapi?" majibu hurundikana kwenye 60, 65, 70. Uliza kwa matukio: wakati wa Uhuru mwaka 1961 alikuwa anachunga ndama au bado anabebwa mgongoni? Azimio la Arusha mwaka 1967 lilimkuta wapi? Andika umri uliokadiria na tukio ulilotumia.

Ukipima kumbukumbu, usinakili kipimo cha kitabuni bila kukikagua. Kipimo cha kumbukumbu na akili kiitwacho MMSE, chenye alama 30, kinamtaka mtu asome, aandike sentensi na achore pembetano mbili zilizoingiliana. Bibi ambaye hakuwahi kushika kalamu atapoteza alama hizo akili yake ikiwa timamu kabisa, nawe utaripoti ugonjwa usiokuwepo. Kipimo cha IDEA, kilichotengenezwa kwa wazee wa Hai, Kilimanjaro, humpa njiti za kiberiti apange umbo analoonyeshwa. Mwambie msimamizi wako hivyo mapema, kabla pendekezo la utafiti halijapitishwa. Huenda hajawahi kukisikia.