Ndege ya kale "inayoruka" ni ipi hasa?

Makumbusho yenye ndege za zamani huwa na aina mbili, kuna za kutazamwa tu na kuna zinazoruka. Juzi kijana wa jirani akaniuliza, kwani ile ya kutazamwa ukiiwekea mafuta haiendi? Swali zuri sana hilo, na wengi huchanganya hapo.

Kusema ndege inaruka si kusema tu injini yake inawaka. Hata matatu yenye breki mbovu inawaka na inaweza kukufikisha tao, lakini ikienda inspekshen haitoki na stika. Ndege ni hivyo hivyo ila kwa ukali zaidi, yaani kila kipande lazima kijulikane kimetoka wapi, nani alikifunga, tarehe gani, na fundi mwenye leseni awe ameweka sahihi. Nati inaweza kuwa mpya inang'aa lakini kama haina karatasi, hapo ni chuma tu.

Mjomba wangu alikuwa fundi wa ndege pale uwanja wa ndege wa Wilson na nilipokuwa mdogo alinibeba wikendi moja nikaona bawa limelazwa juu ya vigogo. Ndege za miaka ya 1920 na 1930, kama Gipsy Moth ambayo Florence Kerr Wilson alianza nayo kampuni yake ya Wilson Airways hapa Nairobi 1929, bawa lake ni mbao kwa ndani halafu juu kitambaa cha kitani, kinapakwa dopu, yaani aina ya vanishi, kikauke mpaka kikaze. Mjomba akagonga na kidole likalia kama ngoma, akasonga hatua moja akagonga tena, pale halikulia. Hakusema kitu, akatoa chaki akachora duara. Jua hula kitambaa polepole, na gundi ya mbao za ndani nayo huchoka, na hiyo huwezi kuiona mpaka ukate ufungue. Kwa hivyo ndege ya kuruka hutumia masaa mengi sana ikiwa imefunguliwa hangani kuliko ikiwa hewani, na mimi naona hapo ndipo kazi yenyewe iko, si kwa rubani anayepigiwa makofi.

Sasa kuna kitu huuma. Uingereza walikuwa na Vulcan XH558, ndege ya jeti ya kudondosha mabomu ya wakati wa vita baridi, watu wakachanga pesa ikarudi angani 2007. Mwaka 2015 ikaacha kuruka, si ati ilianguka au ilikufa injini, ni makampuni yenye utaalamu wake yalisema hayataendelea kuisimamia, na bila mtu wa kusimama nyuma ya ile karatasi haikuruhusiwa kupaa tena. Injini zilikuwa bado zinaguruma.

Pia "inaruka" haimaanishi inaruka vyovyote. Kwa mkusanyiko wa Shuttleworth, huko Old Warden Uingereza, kuna Blériot XI ya 1909 na bado inapaa, lakini wanangoja siku isiyo na upepo kabisa, inajiinua kidogo juu ya nyasi, inaenda moja kwa moja, inashuka. Basi. Ukiilazimisha zaidi ya hapo utaipoteza na hakuna duka la kununua ingine.

Na sisi tuna shida yetu ya mwinuko. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, kwa hivyo injini ya zamani haipati nguvu ile ingepata Mombasa na bawa nalo linabeba kidogo, halafu jua likipanda hewa inazidi kuwa nyepesi. Ndio maana siku ya kujaribu ndege kuukuu mjomba alikuwa anatoka nyumbani kukiwa bado giza, na saa nne ikifika ilikuwa imesharudishwa hangani, mlango umefungwa.