Bluzi si Kilio: Dhana Potofu kuhusu Albamu Moja ya Ella Fitzgerald

Kila ninapowapa wanafunzi wangu wa uimbaji albamu ya These Are the Blues, ambayo Ella Fitzgerald, mwimbaji wa jazi wa Marekani, aliirekodi jijini New York mwezi Oktoba 1963 kwa kampuni ya Verve, huwa ninaambiwa maneno yaleyale: sauti ni nzuri, lakini ina furaha mno, na bluzi, yaani muziki wa blues wa Wamarekani weusi, huimbwa na mtu aliyeumizwa na maisha. Dhana hii imenichosha, kwa kuwa imewaharibia uimbaji vijana wengi wenye vipaji.

Wapo wanaomtetea Ella kwa kukumbusha kwamba alifiwa na mama yake mwaka 1932, akiwa bado binti mdogo, na baadaye akaishi bila makao mitaani Harlem, New York. Ni kweli, lakini utetezi huo unaikubali dhana ileile kwamba mateso ndiyo kipimo cha mwimbaji. Bluzi ni utungo wenye kanuni zake. Katika umbo lake la kawaida mshororo wa kwanza huimbwa, hurudiwa, kisha wa tatu huujibu, na kila mshororo humalizika mapema ili ala ipate nafasi ya kuitikia. Kazi ya mwimbaji ni kuufanya mshororo uliorudiwa usikike mpya, ama kwa kulichelewesha neno, ama kwa kuishusha kidogo noti ya tatu au ya saba ya skeli, ama kwa kunyamaza tu. Hivyo ndivyo anavyoimba Ella, huku tarumbeta ya Roy Eldridge na kinanda cha Wild Bill Davis vikimwitikia. Anayezijaza nafasi hizo kwa kwikwi anawanyang'anya wapigaji zamu yao.

Maneno yenyewe pia hayaungi mkono kilio. Katika "Down Hearted Blues", wimbo wa Alberta Hunter na Lovie Austin ambao mwimbaji wa bluzi Bessie Smith aliurekodi mwaka 1923, mwanamke aliyetendwa anajigamba kwamba dunia nzima ameitia mtungini na kizibo anacho mkononi. Anayeuimba kwa machozi mwanzo hadi mwisho hajayasoma maneno hayo.

Wengine husisitiza kwamba bluzi ni lazima iwe na vipimo 12, yaani mafungu 12 ya mapigo, katika kila ubeti. "How Long, How Long Blues" ya Leroy Carr, ya mwaka 1928, ina vipimo 8, nayo imo katika albamu hii.

Wengine hudai kwamba wanajazi, yaani wanamuziki wa jazi, waliiazima bluzi baadaye, ilhali mwimbaji wa bluzi Ma Rainey alipoirekodi "See See Rider" mwaka 1924, aliyempigia koneti, ala inayofanana na tarumbeta, alikuwa mwanajazi Louis Armstrong.

Kwa hiyo anayetaka kujifunza albamu hii kwangu haruhusiwi kuimba katika somo la kwanza. Anasikiliza wimbo mmoja, huku akihesabu kwa kidole mapigo yote ambayo Ella amenyamaza, na kunieleza ni ala gani iliyoitikia kila mara.