Kwa nini kituo kinaweza kukataa debe lako la mahindi

Mavuno yameingia, na wazazi wengi vijijini mkoani Dodoma wanatimiza walichokubaliana mkutanoni: debe la mahindi au sado ya karanga kwa uji wa watoto kwenye vituo vya kulelea watoto mchana. Tunawashukuru. Hata hivyo, ofisi ya lishe inapokea malalamiko kwamba walezi wanaringa, wanarudisha michango ya watu. Hawaringi. Wanafuata maelekezo yetu.

Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka na karanga, iliugusa mkoa huu pamoja na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Mahindi yaliyowadhuru wengi wao yalitoka shambani kwao wenyewe, si dukani.

Bado tunaambiwa, "Tukichemsha sana sumu inakufa." Haifi. Ukungu hufa, sumu yake hubaki, kwa kuwa joto la jiko haliiwezi. Wala kumpa ng'ombe wa maziwa nafaka hiyo si dawa. Sumu hurudi kwenye maziwa. Na huu unga wa "lishe" wa nafaka saba na karanga mbichi, jamani, tumeshausemea sana. Karanga huchachisha unga, na punje mbovu ikishasagwa hakuna jicho la kuiona. Mtu mzima akitafuna karanga chungu huitema; mtoto aliyekorogewa kwenye uji humeza. Sagisheni mahindi au mtama peke yake, karanga zichaguliwe, zikaangwe na kutwangwa siku ya kupika.

Utaratibu wa kupokea ni huu. Nafaka humwagwa kwenye turubai mbele ya mzazi, zikaondolewa punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na zenye ukungu. Unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5. Pasipo kipimo, weka mahindi na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyo kavu, tikisa dakika chache, iache itulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mzigo urudi juani. Kisha daftari: jina, aina, uzito uliopokelewa, uzito uliokataliwa, sahihi ya mzazi na ya mlezi. Gunia likae juu ya chaga, lisiguse ukuta. Zilizokataliwa zifukiwe, mjumbe wa kamati akishuhudia. Zisiuzwe, zisipelekwe kwenye pombe.

Kituo husajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ukaguzi wa halmashauri hufika hadi jikoni na stoo. Kitakachokutwa na nafaka yenye ukungu kitapewa maelekezo ya maandishi na muda wa kurekebisha. Kikikaidi, usajili wake unaweza kufutwa. Daftari lisilo na sahihi nalo ni kosa, hata kama chakula ni safi.

Asiye na nafaka safi aongee na kamati. Kunde, ubuyu, mlenda mkavu, hata kuni, vyote ni mchango.

Mtoto akiwa na macho ya manjano, akitapika au tumbo likivimba, awahishwe zahanati siku hiyohiyo. Unga uliobaki msiumwage. Ufungeni, aukute afisa afya achukue sampuli.