Je, wajua ujiuji wa mnanaa huingiaje ndani ya chokoleti?

Imege After Eight, ile chokoleti nyembamba ya mraba iliyoanzishwa na kampuni ya Rowntree ya Uingereza mwaka 1962, ambayo kwao huliwa sana baada ya mlo wa Krismasi. Ndani utakuta ujiuji mweupe wa mnanaa. Chokoleti yenyewe haina tundu wala kiungio. Sasa huo ujiuji ulipitia wapi?

Ulipoingia haukuwa ujiuji. Kiwandani sukari huchemshwa na maji kidogo, kisha hupoozwa huku ikipigwapigwa mpaka iwe donge jeupe lenye chembe ndogo mno, ulimi hauzihisi. Donge hutiwa mafuta ya mnanaa, likafanywa vibamba, na vibamba vikamwagiwa chokoleti iliyoyeyushwa. Kibamba kigumu hushika umbo lake. Kitu cha majimaji kingetiririka kabla chokoleti haijaganda.

Fundi wa mambo ni kimeng'enya, yaani protini inayochochea mabadiliko ya kikemia, kiitwacho invatesi, kinachopatikana kwenye hamira. Hutiwa kidogo tu, tena donge likiwa limeshapoa kiasi, maana moto mkali hukiharibu. Chokoleti ikishaganda kwa nje, chenyewe ndani kinaendelea na kazi: kila molekuli ya sukari kinaikata mapande mawili, glukosi na fruktosi. Fruktosi huyeyuka majini kwa wingi kuliko sukari ya kawaida, hivyo hata yale maji machache yaliyomo hutosha kuzimeza chembe nyingi. Baada ya siku kadhaa, pengine wiki, donge limelegea. Yaani ikitoka tu mtamboni, chokoleti hii bado haijaiva! Nyuki naye hutumia kimeng'enya cha aina hiyo kutengeneza asali, na hana hata sufuria.

Na ule ubaridi? Sehemu kubwa ni kiini macho. Mentoli ya mnanaa huamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPM8, ambacho kazi yake ni kuupasha ubongo habari za baridi. David Julius na Ardem Patapoutian walikitambua mwaka 2002, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, na mwaka 2021 wakatunukiwa Nobeli ya tiba kwa tafiti zao za hisi za joto na mguso. Ubaridi wa kweli upo, ila kidogo: siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi, na inapoyeyuka hunyonya joto la ulimi. Ukitaka kuuona ujanja wa mentoli, kunywa maji ya mtungi mara tu baada ya kumeza. Utaapa yametoka kwenye friji.