Kabla ulaumu mvua, weka bonge la udongo kwa glasi

Juzi nilikuwa kwa mama mmoja huku Dagoretti, ana robo eka ya sukuma, managu na mahindi kidogo, na nilimkuta ameudhika kabisa juu mahindi yalikuwa yamekunja majani saa nne asubuhi na mvua ilikuwa imenyesha vizuri siku tano tu zilizopita. Akaniambia, "Kijana wangu, mvua ya siku hizi haina nguvu." Nikamwomba glasi mbili za maji.

Kazi yangu ni udongo, na hii test naipenda kuliko mashine nyingi za maabara. Tulichukua bonge moja kavu pale kwa mahindi, lingine kavu chini ya mgomba ulio kando ya banda la kuku, mahali amekuwa akitupa maganda na majani miaka yote na jembe halijawahi fika. Tukayatumbukiza polepole. La mahindi halikumaliza hata dakika, likatoa mapovu, likapasuka, likawa tope chini ya glasi na maji yakageuka rangi ya chai. La mgombani lilikaa vile vile, maji safi, mpaka tukamaliza kunywa uji. Mama aliinua ile glasi akaiangalia kwa mwanga muda mrefu, hakusema kitu.

Sababu ni hii. Maji yakiingia kwa bonge kavu yanasukuma hewa iliyofungiwa ndani, na hiyo hewa inatoka kwa nguvu, sasa kama hakuna gundi ya kushikilia, bonge linapasuka. Gundi yenyewe inatengenezwa na kuvu, bakteria na mizizi, na chakula chao ni mabaki ya mimea. Ukichoma mabua ama ukiyauza yote kwa wenye ng'ombe, alafu unageuza udongo kila msimu unauacha uchi, umewanyima chakula. Tone la mvua likipiga hapo linavunja udongo, vumbi linaziba matundu, juu kunakuwa ngozi ngumu na maji yanateleza hadi mtaroni. Kwa hivyo mvua ya mama ilinyesha kweli, ni vile haikuingia. Wakati wa mafuriko ya 2024 kila mtu Nairobi aliona maji ya kahawia kwa mito, na sehemu ya hiyo rangi ilikuwa ni udongo wa shamba ya mtu.

Kwangu mimi agroekolojia inaanzia hapo. Watu wakisikia hilo neno wanadhani ni kurudi kwa kilimo cha babu ama kuchukia mbolea ya duka, na mimi sioni hivyo, naona ni kujiuliza kwanza mimea, wadudu na udongo wanaweza kukufanyia kazi gani kabla ufungue mfuko wa mbolea. Mfano ninaopenda sana umetoka kwa watafiti wa icipe, ile taasisi ya utafiti wa wadudu hapa hapa Kasarani, na shamba zao za majaribio kule Mbita: vuta-sukuma. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya maharagwe, katikati ya mistari ya mahindi na nyasi ya nepia kuzunguka shamba. Desmodiamu inatoa harufu ambayo nondo wa bungua, wale ambao funza wao wanatoboa mabua ya mahindi, hawapendi, nepia inawaita waende watage huko, na funza wakianguliwa wengi wao wanakufa kwa nepia badala ya kumaliza bua lako. Lakini kinachonishangaza mpaka leo ni chini ya ardhi: mizizi ya desmodiamu inaamsha mbegu za striga, lile gugu wengine wanaita kayongo, linalonyonya mahindi kule Nyanza na Western, alafu inazizuia zisishike mzizi wa mahindi, zinakufa bure. Na juu ya hayo inaweka naitrojeni, chakula cha mimea, kwa udongo na ng'ombe anapata majani.

Si rahisi lakini, na nakasirika mtu akiuzia wakulima hii kitu kama miujiza. Desmodiamu inakua polepole mwanzo, palizi ya msimu wa kwanza ni ngumu, mbegu ni ghali. Mboji inataka mikono. Ukichanganya vumbi la mbao mbichi na udongo, vijidudu watakula naitrojeni yote na sukuma itageuka manjano. Na kama udongo umeshakuwa na asidi kwa sababu ya miaka mingi ya mbolea ya DAP, majani peke yake hayatoshi, pima kwanza, pengine unahitaji chokaa.

Kwa mama tulianza na kidogo: mistari minne ya mahindi, tukaifunika na tithonia, yale maua ya manjano yanamea bure kando ya barabara, majani yake yana naitrojeni nyingi na yanaoza haraka. Ile mistari mingine tukaiacha vile ilivyo ndio aone mwenyewe.

Ukijaribu hii ya glasi nyumbani, anika mabonge kivulini siku moja ama mbili kwanza, yawe saizi ya njugu, juu bonge lenye unyevu halipasuki haraka na litakudanganya.