Umri wa tairi ni nini, na kwa nini kashata nene hazikuambii

Wengi wetu hapa Arusha tukienda kununua matairi ya gari ya familia tunaangalia vitu viwili, size na kashata, yani yale meno ya mpira yanayokanyaga barabara. Size tunaisoma kwenye tairi la zamani, kashata tunaingiza kidole, kikizama tunasema hili bado zima kabisa, alafu tunaanza kuvutana bei. Umri hatuulizi.

Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Nilinunua mawili used kwa ajili ya Toyota Noah yangu, 195/65 R15, meusi yanang'aa, kashata nene, nikafunga mbele nikaridhika. Wiki ya tatu natoka Arusha naenda Moshi na mama na watoto, tumepita njiapanda ya KIA, ule uwanja wa ndege, tunaikaribia Boma Ng'ombe, usukani ukaanza kutetemeka kama tunapita kwenye rasta, vile vituta vidogo vidogo vya barabarani, na rasta hakuna. Nikasimama pembeni nikashuka, tairi la mbele kushoto limeota nundu kubwa kama embe, yani bado kidogo tu lipasuke na gari imejaa watu. Fundi pancha alivyolivua hakuangalia hata kashata, akachukua kitambaa chenye maji akafuta ubavu wa ndani, akamulika na tochi ya simu, akaniambia soma hapa kaka. Kuna herufi DOT, alafu mstari wa herufi na namba, mwisho kabisa kaduara kamebanwa kana namba nne: 2311. Wiki ya 23, mwaka 2011. Lile tairi lilikuwa na zaidi ya miaka kumi na mimi nimelipa hela nikijua nimepata la maana.

Sasa ndio hio maana ya umri wa tairi. Unahesabiwa tangu lilipotoka kiwandani, sio tangu ulipolifunga kwenye gari yako. Namba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka, kwahiyo 0724 ni wiki ya saba ya mwaka 2024. Ukikuta namba tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000, liache hapo hapo. Na hizo namba za tarehe mara nyingi zinaandikwa upande mmoja tu wa tairi, likishafungwa zikaangalia ndani huzioni mpaka ulale chini ya gari, kwahiyo soma kabla halijapanda kwenye rimu.

Kwa nini linazeeka wakati kashata zipo? Kashata zinaliwa na barabara, lakini mpira wenyewe unaliwa na hewa, joto na jua. Unakauka, unakuwa mgumu, unaanza kupasuka vimistari vidogo vidogo ubavuni na katikati ya kashata, na kule ndani mpira unaachiana na waya za chuma ulizoshikana nazo, hapo ndipo nundu inapotokea au ngozi ya juu inabanduka yote ukiwa kwenye mwendo. Gari ya kukaa tu nyumbani nayo haiponi, maana ndani ya mpira kuna dawa ya kuulinda ambayo inasambaa vizuri tairi likiwa linazunguka, likisimama muda mrefu linakauka zaidi. Na ile dawa ya kung'arisha wanayopaka dukani inaficha vimistari vyote, omba kitambaa ufute kwanza, muuzaji akikataa we ondoka.

Kampuni nyingi za matairi zinasema likifika miaka mitano likaguliwe kila mwaka, na miaka kumi ndio mwisho hata kama halijawahi kugusa lami. Mimi kwa gari ya kubeba watoto naishia sita. Ukifikiria ile safari ya Desemba ya kutoka Dar kuja Moshi, gari imejaa watu na mizigo, jua la Same na Mwanga mchana, sioni sababu ya kusubiri hio kumi.

Namba nyingine nazieleza haraka. 195 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, 15 ni rimu kwa inchi. Usipandishe ubavu kiholela, ukiweka 70 badala ya 65 tairi linakuwa kubwa na spidi inayosoma kwenye dashibodi inakuwa ndogo kuliko unayoenda kweli. Baada ya hapo kuna kitu kama 91H, na hii 91 naomba uiangalie kwa sababu ndio uzito: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja, 88 ni kilo 560. Kwa matairi manne tofauti ni kilo 220, karibu watu watatu wazima, na Noah inabeba wanane kabla hujaweka ndizi. Usishuke chini ya ile iliyokuja na gari. H ni spidi ya mwisho, kilomita 210 kwa saa, hio haitusumbui sana.

Kingine, magari yetu mengi yanatoka Japani na mengine yanakuja na matairi ya theluji. Ubavuni yameandikwa STUDLESS, kashata zimechanwa chanwa kama kwa wembe. Mpira wake ni laini kwa ajili ya barafu, kwenye lami ya moto unaisha haraka na gari inayumba ukikata kona. Yanavutia kwa macho kwa sababu kashata ni ndefu, usiyachukue.

Kama hela inatosha mawili tu, funga mapya nyuma. Najua wengi tunaweka mbele, ila mvua ikinyesha matako ya gari ndio yanayoteleza bila kukupa taarifa, mbele ukiteleza angalau unasikia kwenye usukani. Upepo pima asubuhi kabla hujatembea, fuata karatasi iliyobandikwa mlango wa dereva, hata kama ni ya Kijapani namba zinasomeka: 220 (kPa) ni kama 32 (PSI) kwenye geji ya fundi.

Alafu shuka uangalie spea. Ya kwangu ilikuwa inaning'inia chini ya bodi kwa nyuma, imejaa udongo, nilikuwa sijawahi kuigusa tangu ninunue gari mpaka siku ile ya nundu. Nilivyoifuta ikasoma 1804, kashata zote zipo, haijatembea hata kilomita moja. Ndio ile ile niliyoifunga siku ile Boma Ng'ombe nikaingia nayo Moshi na mama amekaa mbele.