Ndege isiyotua njiani: ni ipi hasa, na utaipataje ukiwa Mombasa

Ndege ikiinuka uwanja wa Moi, pale Port Reitz, na magurudumu yake yasiguse lami tena mpaka unakokwenda, hiyo ndiyo ndege isiyotua njiani. Kuinuka mara moja, kutua mara moja. Mombasa hadi Nairobi ni hivyo. Mombasa hadi Addis Ababa ni hivyo pia. Maana yenyewe haizidi hapo. Kinachosumbua ni kwamba wauzaji wa tiketi hutumia neno "moja kwa moja" kwa safari za aina tatu, na ni moja tu kati ya hizo isiyotua.

Ya kwanza ni hiyo niliyoitaja. Ya pili ni ndege inayotua mahali, ikashusha na kupakia watu, kisha ikaendelea huku wewe umekaa kitini mwako. Ni kama matatu ya Malindi: inasimama Mtwapa, inasimama Kilifi, lakini huambiwi uhamie gari jingine. Mashirika ya ndege huipa safari nzima namba moja, na kwao namba ikiwa moja, safari ni moja. Wala hawasemi uongo. Ya tatu ni tiketi moja yenye ndege mbili. Unashuka, unatafuta geti, unapanda nyingine, na mzigo unakutangulia mpaka mwisho.

Hii ya tatu ndiyo inayowakoroga wengi mjini, hasa msimu wa Umra. Mtu ataka kumpeleka mamake mzee Jeddah, aingia kwa wakala, auliza kama kuna ndege ya moja kwa moja.

"Iko, dadangu. Mizigo waikuta Jeddah."

"Na sisi twashuka wapi?"

"Addis, kidogo tu."

Hiyo "kidogo tu" ni ngazi, ukaguzi wa mifuko kwa mara ya pili, na mwendo mrefu wa kutafuta geti kwa mtu mwenye magoti mabovu. Wakala hakudanganya, yeye alikuwa akijibu habari za mizigo. Swali la kumuuliza ni fupi: ndege inatua mara ngapi mpaka nifike? Akijibu moja, sawa. Akijibu mbili, muulize kama mtabaki ndani au mtashuka, na kama mnashuka, omba kiti cha magurudumu wakati huohuo wa kukata tiketi, usingoje siku ya safari.

Kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalitambui mpaka wawe angani: safari yaweza kuwa haitui wakati wa kwenda na ikatua wakati wa kurudi. Ndege za watalii kutoka Ulaya mara nyingi huunganisha Mombasa na Zanzibar au Kilimanjaro katika mzunguko mmoja. Ndege kubwa ina viti mia mbili na zaidi, na si kila wiki Mombasa peke yake itavijaza, kwa hiyo watu wa fukwe mbili hupakiwa pamoja. Tuseme imetoka Ulaya ikatua Zanzibar, ikashusha nusu ya abiria, ikaja Mombasa, kisha ikarudi Ulaya bila kutua njiani. Anayeondoka Mombasa hatui popote. Shangazi yake anayekuja kumtembelea kwa ndege hiyohiyo anapitia Zanzibar. Namba ya safari haitakwambia hilo. Kwa hiyo kwenda na kurudi ni maswali mawili, na kila moja lina jibu lake.

Wajanja huona mzunguko huo kwenye ramani ya ndege wakauliza: basi mbona sisi hatuuziwi kiti cha Zanzibar hadi Mombasa, na ndege inapita na viti vitupu? Jibu lina miaka mingi. Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago kupanga sheria za anga, na katika makubaliano ya wakati ule yalitajwa yale yanayoitwa uhuru wa anga. Uhuru wa tano ndio unaoruhusu shirika la nchi moja kubeba abiria kati ya nchi nyingine mbili, katika safari inayoanzia au kuishia kwao. Hautolewi bure, nchi husika lazima ziukubali. Pasipo kukubaliwa, shirika la Ulaya laweza kupita Zanzibar na Mombasa kila wiki na lisiuze hata kiti kimoja cha katikati. Mwenye haja ya kipande hicho humtafuta mwenye ruhusa, kama Jambojet, iliyoanza kuruka kati ya Mombasa na Zanzibar mwaka 2024.

Sasa kutafuta. Wengi huanza na wanakokwenda. Mimi naona ni afadhali kuanza na uwanja: kutoka MBA, ndege zisizotua zinafika wapi? MBA ndiyo alama ya uwanja wa Moi duniani kote, na ukiandika hiyo badala ya jina la mji hukosei. Kwenye Google Flights, mtambo wa kutafutia safari, weka MBA mahali pa kuondokea, acha pa kufikia patupu, kisha kwenye idadi ya vituo chagua zisizotua. Skyscanner nayo inakubali uchague kila mahali badala ya mji mmoja. Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege zikiwa angani, ukitafuta MBA inakuonyesha zinazoondoka na zinazofika, na hapo unaona kilichoruka kweli, si kilichotangazwa. Mara nyingi huo ndio ushahidi ninaouamini zaidi.

Lakini tahadhari na tarehe. Mtambo wa kutafutia hujibu siku uliyoitaja tu. Kama ndege inaruka Alhamisi na Jumapili, nawe umeuliza Jumanne, utaambiwa hakuna, utaamini hakuna, na utalipa zaidi kupitia miji miwili. Fungua kalenda ya mwezi mzima. Kwenye ratiba za mashirika siku huandikwa kwa tarakimu, 1 ikiwa Jumatatu na 7 Jumapili. Ukiona "47", maana yake Alhamisi na Jumapili, si safari namba arobaini na saba. Na ukiona ndege ya 00:40 Jumapili, hiyo ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumapili. Uwanjani unakwenda Jumamosi baada ya Isha.

Pia kuna misimu. Ratiba za ndege duniani hubadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Orodha ya ndege zisizotua uliyoihifadhi kwenye simu mwezi Januari, watalii wakiwa wamejaa Diani na Nyali, huenda Mei isikufae kitu. Masika yakiingia, hoteli nyingine hufunga milango, na ndege zilizokuwa zikileta wageni wake hupungua au hukoma kabisa. Tena baadhi ya ndege za watalii huuza viti pamoja na hoteli kupitia kampuni za utalii huko Ulaya, kwa hiyo kwenye mitambo ya kutafutia hazionekani vizuri, ingawa uwanjani waziona kwa macho yako.

Kinyume chake ni ndege moja kuonekana mara mbili. Mashirika hugawana safari, kila mmoja anaiuza kwa namba yake. Emirates na flydubai, kwa mfano, hufanya hivyo, kwa hiyo tiketi yenye alama EK, yaani ya Emirates, yaweza kukupandisha ndege ya flydubai, FZ. Tafuta mahali palipoandikwa shirika linaloendesha safari yenyewe. Saa za kuondoka zikilingana hadi dakika, mara nyingi ni ndege ileile.

Ukifanya zoezi lote hili utagundua orodha ya Mombasa si ndefu. Nairobi ndiyo inayobeba nyingi, kila siku, kwa Kenya Airways, Jambojet na wengineo. Zinafuata ndege za kwenda kwenye vituo vikubwa vya kuunganishia, kama Addis Ababa kwa Ethiopian, na Dubai, ambako flydubai ilianza kuruka kutoka hapa Januari 2024. Kisha majirani, kisha Ulaya kwa msimu. Sababu kubwa ni kwamba Kenya Airways imejenga makao yake JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na shirika hukusanya abiria wa kila upande mahali pamoja ndipo liwasambaze. Wenye hoteli wa Pwani wamelalamika miaka na miaka, wakitaka anga ifunguliwe kwa mashirika ya nje. Kituko ni Dar es Salaam. Iko kusini mwetu kwenye pwani hiihii, lakini mara nyingi mitambo hukupandisha kwanza Nairobi, kaskazini-magharibi, ndipo ikurudishe baharini. Si ajabu watu bado wanapanda basi la kupitia Lunga Lunga na Tanga.

Kama hakuna isiyotua, ya kupitia Nairobi si mbaya, mradi iwe tiketi moja. Ukikata mbili tofauti ili kuokoa shilingi, ya Mombasa ikichelewa, ya pili haikungoji na hakuna anayewajibika. Mzigo nao itabidi uuchukue na kuukabidhi upya.

Na walio Diani au Malindi waangalie alama mbili zaidi, UKA ya Ukunda na MYD ya Malindi, maana huenda kuna ndege ya Nairobi karibu nao kuliko kuja Mombasa, na wa Diani wataepuka feri ya Likoni. Wasome vizuri tu inatua wapi. NBO ni JKIA, WIL ni Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi. Ndege nyingine za Ukunda zinatua Wilson, na mwenye safari ya nje JKIA atatafuta teksi na kukaa kwenye foleni ya magari na sanduku lake.